Ikupa Apanda, Mzee Ashuka

Jumamosi asubuhi Ikupa alimwachia mumewe chai kwenye chupa, akafunga kamba za raba zake, akawasha ile programu ya simu inayopima mwendo, akaanza kupanda mlima ulio nyuma ya Matema, huko Kyela. Hakuwa na shamba huko wala hakufuata kuni. Alipanda kwa sababu nesi alimwambia presha yake inatisha, na kwa sababu siku ya kwanza alipofika kwenye jabali akaliona ziwa lote chini yake, alipata raha ambayo duka lake la vitenge halijawahi kumpa. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. "Mwenzetu kawa mzungu! Huko juu umeficha nini?" Yeye aliwajibu ndaga, yaani asante, akashika njia.

Kila wiki alifika juu kidogo kuliko wiki iliyopita, na simu ikampongeza.

Mwezi wa pili alimkuta baba mkwe wake njiani. Mzee Zebedayo alikuwa amekaa kwenye mzizi, amevaa koti lake la kijivu, anatoa kijiwe kwenye kiatu. Walikuwa wamemzika miaka mitatu nyuma. Ikupa alifanya kama mkamwana yeyote wa Kinyakyusa aliyelelewa akaleleka: aligeuza uso, akaacha njia, akazungukia vichakani, maana mkamwana hakutani na baba mkwe ana kwa ana wala hamsemeshi. Mzee naye, kwa adabu, alikohoa ili mwenzake ajue alipo. Miiba ilimchana Ikupa mikono yote.

Jumamosi iliyofuata Ikupa alifika juu zaidi, ila mzee alikuwa chini zaidi. Iliyofuata, vilevile. Akiwa dukani alifungua ramani ya simu, akalinganisha, akaelewa: kila kipande alichoongeza yeye kwenda juu, mzee alikiongeza kuja chini. Na huko chini palikuwa nyumbani kwao.

Alimwambia mumewe wakati wa chakula. Lutengano alikuwa anatoa miiba kwenye samaki wake, mbasa.

"Baba yako anashuka."

"Kafika wapi?"

"Karibu na maporomoko."

"Basi pumzika kidogo kupanda," alisema Lutengano, akaomba chumvi.

Hapo woga ulimwingia Ikupa hasa. Mzee mwenyewe Ikupa hakumwogopa, wafu nao wana miguu. Alichokiogopa ni kwamba mumewe hakuuliza imekuwaje.

Jumamosi alipanda tena. Safari hii mzee aliugeukia mti, kwa kuwa mti hauna mwiko, akausemesha kwa sauti ya kumfikia mtu aliyejificha vichakani.

"Ewe mti, mimi nilipotelea huku kwenye ukungu. Kichwa kilishaanza kusahau njia. Nikamsikia mwanangu Lutengano ananiita. Nikaitika. Akanyamaza, kisha nikasikia miguu yake inageuka, inashuka. Au nilisikia vibaya, mti?"

Ikupa alichutama kwenye magugu. Aliyakumbuka mazishi: Lutengano akiwaambia watu kwamba mzee kazama ziwani, mwili haujaonekana, basi wazike shina la mgomba mahali pake. Wakalizika. Kwaya iliimba, ng'ombe akachinjwa, naye Ikupa alipika wali wa kushibisha kijiji kizima. Jamani, mgomba! Alitaka kumpa mzee pole, mwiko ukamziba mdomo, akaugeukia mti uleule.

"Mti, mwambie asichoke. Leo naongeza mwendo, naye afike nyumbani."

Akapanda. Alipita jabali, akapita mahali alipozoea kugeukia, akakwea kwa mikono huku akimwomba Mungu presha isimwangushe, mpaka akasimama kileleni na simu ikampongeza kuliko siku zote. Hakukaa kuitazama. Alishuka mbio.

Mzee alikuwa ameshafika uani.

"Hodi, Lutengano!"

Ikupa alipitia nyuma, akaingia jikoni. Kisa, jirani yao, alipita na chungu kichwani, akamsalimia mzee, "Mugonile, taata," akaenda zake. Lutengano alikuwa sebuleni anamenya ndizi.

"Hodi, mwanangu!"

"Lutengano, baba yako anaita," alisema Ikupa kutoka jikoni.

"Baba yangu ana kaburi," alijibu Lutengano bila hasira. Aliinuka, akafunga komeo taratibu, akarudi kwenye kiti chake.

Mzee alisubiri mpaka mvua ikamkuta, na mvua ya Kyela haina haraka ya kukatika. Mwishowe viatu vyake vilisikika kwenye tope, vikirudi mlimani.

Ikupa alikuja sebuleni akaketi.

"Lutengano, na mimi siku nikipotea huko juu, utanitafuta?"

"Utapoteaje, mke wangu? Si una simu?"

Akachagua ndizi iliyoiva vizuri, akammenyea, akampa. Ikupa aliila yote, akasema ndaga. Kisha akaichomeka simu kwenye chaji.