Tembo Aliyependa Besi

Haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Ningeapa, ila Biblia imekataza, kwa hiyo mtosheke na neno la mstaafu wa reli aliyepiga kengele stesheni ya Kilosa mpaka treni zenyewe zikawa zinamwamkia.

Nilipostaafu tulihamia Mikumi, mimi, mke wangu Agnesi na jogoo wangu, mrefu kiasi kwamba akitaka kuwika lazima ainame asigonge mawingu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na jirani yetu Mwinshehe kafungua kibanda cha video mkabala na kanisa letu la Kilutheri. Jenereta likianza kunguruma jioni, vijana wa kwaya wanachomoka mazoezini mmoja mmoja, wanavuka barabara kwenda kutazama Wachina wakipigana mateke.

Selestina, mwalimu wa kwaya, akabaki na sauti za kike tupu. Na Jumapili ya Mavuno hiyo inakuja, kwaya ya Kilosa imeshaalikwa.

"Babu, besi sina hata mmoja," akaniambia. "Tutaimba wimbo hauna miguu, mbele ya wageni. Sura yangu nitaiweka wapi?"

"Niachie mimi, mwanangu."

Asubuhi yake, nyayo za tembo zikaonekana nyuma ya kanisa, chini ya dirisha, kwenye tope la bomba. Mviringo, kubwa, zimezama. Nikaenda moja kwa moja kibandani.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba. Endeleeni na Wachina wenu. Tembo ametoka mbugani kuja kusikiliza kwaya."

"Babu na kamba zako!" akasema Samweli, besi mnene kuliko wote.

"Kamba? Nenda katazame nyayo. Soprano wakiimba, anatikisa masikio. Ikifika zamu ya besi anatega, hasikii kitu, anadondosha chozi la kujaza ndoo. Tena Mlutheri kabisa yule, maana hakupiga makofi."

Mwinshehe alicheka mpaka akashika mlango. "Na asipokuja, mzee?"

"Asipokuja, jogoo wangu ndiye sadaka yangu ya mavuno."

Jioni ile vijana walijaa kanisani, macho dirishani. Tembo hakuja.

"Anasubiri besi," nikawaambia. "Mnyama wa watu atoke porini kuja kusikiliza nusu ya wimbo?"

Wakaimba. Hakuja.

"Kwa sauti hizo? Mmemtimua!"

Wakaimba vizuri zaidi. Kila asubuhi nyayo mpya, kila jioni wamerudi. Ikafika siku nikasahau kumtaja tembo na wao wakasahau kuuliza. Walikuwa wanabishana na Selestina juu ya ubeti wa mwisho, jenereta linanguruma ng'ambo peke yake, na hakuna aliyegeuza shingo.

Jumapili waliimba mpaka kwaya ya Kilosa ikasimama. Selestina alishusha mikono, akanitafuta kwa macho, akatabasamu.

Ukafika wakati wa kutoa mavuno. Watu wakapita na maboga, mpunga, kuku. Kisha akaingia Agnesi, kinu chake cha kutwangia kichwani. Nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

"Mchungaji," akasema, "naleta mguu wa tembo. Wiki nzima nakikuta kinu changu kina tope kitakoni."

Mchungaji Yohana akakipindua, akakitazama kitako, akanitazama mimi.

"Mzee, tembo huyu ni wa mvule au wa mninga?"

"Mninga," nikajibu.

Kanisa likalipuka. "Jogoo!" akapaza sauti Samweli kutoka kwenye kwaya, na wote wakadakia: "Jogoo! Jogoo!" Hata Mwinshehe, Mwislamu wa watu aliyekuja kumsikiliza mteja wake Samweli, alipiga kelele kutoka nje ya dirisha, kasimama juu ya nyayo zenyewe.

Nikaenda nyumbani kumkamata. Nikarudi naye kwapani mpaka madhabahuni, kwaya ikinisindikiza, na besi, hili nalo mniamini, ikatikisa mabati.

Nilipokwisha kumkabidhi jogoo, Agnesi akaninong'oneza: "Na kinu utakiosha wewe."

Nikakiosha.