Herufi Mbili kwenye Sanduku la Asali

Nevenka Zupan na mdogo wake Gorazd walikuwa na karakana nyuma ya nyumba yao huko Radovljica, wakiunda masanduku ya bati yanayotumia umeme kuyeyusha asali iliyoganda. Wafugaji nyuki wa jirani waliyapenda. Habari zikamfikia mwenye duka mmoja wa Graz, naye akasema yuko tayari kuyauza, mradi tu yawe na alama ya CE, ile inayoonyesha kwamba kifaa kinatimiza sheria za usalama za Ulaya.

Gorazd hakuona la kuumiza kichwa: herufi mbili tu, wanachapisha na kubandika. Nevenka yeye alidhani ipo ofisi inayokagua na kutoa alama hiyo, akapiga simu wizarani kuulizia foleni. Mama aliyepokea akamwambia kwamba kwa kifaa kama chao hakuna anayempa mtu alama. Mtengenezaji mwenyewe hupima, huandika hatari alizoziona na alivyozizuia, kisha hutia saini kwamba kifaa kimetimiza sheria. Kikija kumdhuru mtu, mwenye saini ndiye atakayeulizwa.

Gorazd akacheka. "Si ndiyo rahisi zaidi, dada? Tia saini tufanye kazi."

"Nitie saini kwamba nini? Mimi sijui kama ni kweli, na wewe hujui."

Wakalipeleka sanduku moja kwenye maabara Ljubljana. Fundi wa pale aliwasha, akapima joto, akaridhika. Kisha akashika waya wa umeme, akauvuta kwa nguvu kama mtu aliyejikwaa. Ndani, waya wa kijani na njano ukachomoka. Akawaeleza kwamba huo ndio unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukitoka, siku umeme ukivuja, bati lote litamrusha atakayeligusa.

Njiani kurudi Nevenka ndiye aliyeendesha gari. Akataja yale masanduku waliyokwisha kuuza. Gorazd akasema hakuna aliyelalamika. Dada mtu akapinda njia ya Bohinj, kwa shangazi yao Tončka, waliyempa sanduku moja zawadi.

Shangazi alikuwa jikoni, sanduku likiunguruma karibu na sinki. Alikataa katakata kulitoa. Lilimfaa majira yote ya baridi, na zawadi hairudishwi. Gorazd akachomoa umeme, akafungua kifuniko pale pale mezani. Waya wa kijani na njano ulikuwa unaning'inia, haukushika popote. Akaketi. 

Tončka akachungulia. "Kumbe mlikuwa na haraka ya kunirithi."

"Shangazi, nisamehe. Niliufunga mimi."

"Basi ufunge tena, safari hii ukiwa na akili."

Wiki zilizofuata walizunguka kwa majirani kuyakusanya masanduku. Wengine waliwacheka, mmoja aliwatukana. Gorazd akaweka kibano cha kuzuia waya usivutike, akabadilisha na skrubu za ndani, na sanduku jipya likapita vipimo vyote. Mwenye duka wa Graz kwa wakati huo alikuwa ameshapata mtu mwingine. Alichukua machache tu ya kujaribia.

Karatasi ya kutia saini ilipokuwa tayari, Nevenka alimsogezea mdogo wake kalamu. Gorazd hakuishika. Aliomba kwanza faili zima la vipimo, akalisoma ukurasa kwa ukurasa mchana kutwa, chakula chake kikapoa, ndipo akaandika jina lake.