Rangi ya Kuuzia Nyumba

Mimi sikuitaka ile rangi, na ninalisema hili mapema ili mume wangu asije akadai tulipatana. Tulikuwa tumeamua kuuza nyumba yetu ya Mulekera, hapa Beni, na kuhamia Butembo, kwa sababu nilichoka kulala na viatu miguuni, tayari kuwakimbia waasi usiku. Nyumba yenyewe ilikuwa imechakaa: ukuta wa mbele umebanduka, mabati mawili yana kutu, mlango wa jikoni unafungwa kwa kamba. Nikasema tuiuze hivyo hivyo. Malachie, mume wangu, akamwita Idi, komisioneri anayewatafutia watu wanunuzi wa nyumba.

Idi aliizunguka nyumba mara moja tu.

“Mama Keren, ukiacha ukuta hivi, mutu atajua munakimbia. Na mwenye kukimbia, banamukatia bei. Mupake rangi, mubadilishe manjanja yenye kutu kule juu, muonekane batu ba kubakia. Na hapana kuambia majirani kitu.”

Malachie alifurahi kama mtu aliyekwisha kuuza. Kesho yake alileta rangi ya kijani, kijani ambacho hata kituo cha afya kingekikataa, akapanda ngazi mwenyewe. Barabarani wenye pikipiki walipunguza mwendo kumtazama, maana mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amegusa nyumba yake kwa miaka miwili. Nusu ya milango ilikuwa na kufuli kwa nje. Wenyewe walikwisha kwenda.

Siku ya tano akarudi Berthe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekimbilia Butembo kwa dada yake na watoto wanne, wakilala sebuleni miezi mingi. Nilimwuliza kilichomrudisha. Akacheka.

“Balinitumia photo! Nikaona papa Keren iko juu ya ngazi. Nikasema, mais, huyu mutu anapaka rangi, donc amani imerudia.”

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nikampa chumvi aliyokuja kuomba, nikanyamaza, na aibu ya kunyamaza kule bado ninayo.

Nilipomsihi Malachie tumwambie Berthe ukweli, alisema tungoje kidogo, mnunuzi anakuja Jumamosi. Idi naye, alipoziona nguo za watoto wa Berthe kwenye kamba, alimshukuru Mungu kwa sauti.

“Nyumba yenye kuwa na jirani inauzika mbio kuliko ya rangi!”

Nilitamani kumfukuza na ufagio.

Jumamosi mnunuzi akaja, mwenye malori ya mizigo, mtu wa kuongea polepole. Hakuuliza habari za mabati. Alikwenda moja kwa moja kwa Berthe, aliyekuwa akifua nje.

“Mama, huku munalalaka muzuri?”

“Muzuri, papa. Angalia, jirani yangu anatengeneza nyumba yake. Mwenye kukimbia anaweza kupaka rangi?”

Mnunuzi akamgeukia Malachie. Malachie akatazama chini. Idi akakohoa. Nikaona hakuna mwanamume pale atakayefungua kinywa, nikasema mimi.

“Berthe, tunauzisha. Tunaenda Butembo.”

“Tangu wakati gani?”

“Tangu mbele ya kuanza kupaka rangi.”

Mnunuzi aliaga kwa heshima na kuondoka, Idi akimfuata nyuma huku akimwita. Berthe aliikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi mpaka maji yakaisha, kisha akaniangalia.

“Mama Keren, mungetuacha hapa na batoto?”

Nilimjibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ingekuwa. Halafu nikaingia kwake kumsaidia kukunja magodoro ya kurudi nayo Butembo.