Chuma Pindoni

...na unga huu nao, udaga, unga wa muhogo, umezidi mtama, unakatikakatika kwenye mwiko, lakini watakula tu, Theonest alisema siku ile alipofika na sanduku lake, shemeji usihangaike, sisi huko chuoni Mlimani tunakula hata wali wenye mawe, na Anisia akampenda hapo hapo kama mdogo wake wa tumbo moja, maana mgeni anayekuondolea aibu ya jiko lako ana moyo, tulia Mageni, usinipige mateke mgongoni, baba yako Telesphori yuko kwenye kiwanda cha pamba mpaka Jumamosi na baba yako mdogo yuko hapo uani na mwalimu wake, sikia wanavyobishana, au ni mmoja tu anayesema, sauti ya Dokta Maige haipandi kabisa na hapo ndipo inapotisha... "Mstari ni ule ule, Theonest. Donatus kaupita asubuhi, wewe ukaupita nyuma yake na mashine ile ile. Namba zake zimetulia, zako zinaruka kama panzi," na Theonest anajibu kitu, hakisikiki, moto unalia, kuni mbichi hizi, alizileta yeye mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu na mzigo wa kuni kichwani, wanawake wa kisimani wakamcheka, mke wa Telesphori kapata mke mwenza, naye akawaamkia wote shikamoo na kupita zake... wenzake wa fizikia likizo ndefu hii wamekwenda makwao, waliomba wengi kuja kupima miamba ya Bulyanhulu na Dokta akachagua wawili tu, atakayefanya vizuri huenda akabakizwa chuoni afundishe, alimweleza Anisia hayo akimbembeleza Mageni, uso unamng'aa kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya Krismasi... "Saa umevua?" "Nimevua, Dokta." "Mkanda?" "Nimefunga kaptula kwa kamba ya katani." "Viatu?" "Ndala hizi hizi," na Donatus, mwanafunzi mwenzake aliyechaguliwa naye, yule hawezi kukaa bila utani, "Basi Dokta, labda kameza dhahabu ya watu," na Dokta, "Dhahabu haivutwi na sumaku, Donatus, ungelijua hilo ungefaulu vizuri zaidi. Mashine hii inasikia chuma. Chuma kilicho ndani ya miamba, na mtu akiwa na hata msumari mwilini, inamsikia yeye badala ya mwamba," na mwiko ukasimama. Chuma. Kijiji kizima kinasema ni mashine ya dhahabu, naye Anisia alisema hivyo hivyo, mashine ya dhahabu, nani angejua... koroga, Anisia, utaunguza, koroga... kipande kile si kikubwa, kama ukucha wa kidole gumba, kimetoka kwenye jembe la babu, mfua vyuma wa kabila la Warongo, kwao hatoki mtu kwenda kwenye ardhi ngeni bila chuma cha ukoo kwenye nguo, bibi ndiye aliyekuwa akishona, anashona kimya, na aliyeshonewa haambiwi, akiambiwa kinga inakufa, na Damian kaka yake alikataa kungoja, mwaka ule wachimbaji walipoanza kumiminika huku, bibi anaumwa macho, kaptula hii utaitia kiraka nikirudi, mayu, mama yangu, akashuka shimoni na shimo likamfunika, walimtoa na kucha zimejaa udongo... sasa angefanyaje, aone kijana mwema anatoka kila asubuhi kwenda kwenye ardhi ile ile, akae tu? Akashona kwenye pindo la kaptula ya kazi, na siku ya kufua Theonest akapapasa pale, shemeji, mbona pagumu hapa, akamwambia ni mshono tu, nimekunja kitambaa mara nyingi, naye akasema ahsante, hakuna anayenishonea chuoni, akaamini, akaivaa... "Sasa unataka nifikirie nini?" Dokta huyo, taratibu, "Unapita mstari, au unakaa kivulini unabuni namba? Mwongo kwenye utafiti simtaki. Kesho gari linakwenda Shinyanga, utapanda," na kuku wanaparua vumbi... angeweza kufumua usiku akiwa amelala, lakini kesho gari, hatapewa nafasi ya kupima tena, na akifumua leo mchana na ardhi ikamtaka, atamwambia nini mumewe, lakini Damian alishuka chini, huyu anatembea juu ya ardhi na mashine begani, jioni anarudi kula, ardhi haijamgusa, aliyemgusa ni yeye Anisia kwa mkono wake, kwa sindano yake... na akitoka kusema, mwanamke wa darasa la saba anaingia kwenye mazungumzo ya wasomi na mwiko mkononi, Donatus atashika mbavu, jamani, mwanafizikia na hirizi, habari itafika Mlimani kabla yao, watamwita hivyo mpaka amalize chuo, na hiyo nayo ni kumfunika mtu udongo... au amvute pembeni, shemeji njoo mara moja, halafu yeye mwenyewe ndiye akamwambie Dokta, na Dokta ataona amekitoa mfukoni sasa hivi, ameshindwa uongo mmoja akatunga mwingine... "Kwa mara ya mwisho, Theonest. Una chuma chochote mwilini?" "Sina, Dokta," anasema hivyo, safi, bila kusita, kama mtu aliyeulizwa jina lake, na Anisia anasikia uzito wa neno hilo, kwamba anaapa kwa mshono wake, anafukuzwa kwa kumwamini shemeji yake... Mageni amelala, shingo yake ya moto imeegemea mgongo, ugali bado haujashika, uani hakuna aliyesogea, na yeye hajaondoka jikoni, lakini hofu imehama, haipo tena kwenye shimo, na maneno yamejipanga yenyewe, hatamwita mtu pembeni, atatoka hivi hivi alivyo, atasema mbele ya wote watatu, Dokta, chuma kipo, nimekishona mimi, yeye nilimficha, na Donatus akitaka kucheka, anicheke mimi.