Bahari ya Kipupwe Uani La Rochelle

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwatumu alitoka chumbani na ndoo ya rojo la vitumbua lililoumuka vizuri, akakuta maji yamefika kwenye miguu ya meza yake ya kupikia. Aliyaonja kwa kidole. Yalikuwa ya chumvi. Akaisogeza meza hatua mbili nyuma, akawasha jiko, akaanza kuchoma, maana wateja wake wa Joubert Park hawajui habari ya bahari, wanajua saa tatu.

Ilikuwa mara ya tatu bahari kuja La Rochelle, mtaa wa Johannesburg. Huja kipupwe kinapoanza, nyasi za mji zikiwa zimekauka na watu wanalala na soksi, ikakaa mpaka bamvua ya mwisho ya mwezi wa nane. Nyumba yenyewe ni ya kawaida: jengo kubwa mbele, vyumba saba vya kupanga nyuma, na uani wa hatua kumi na mbili mpaka ukuta wa jirani. Bahari ikija, ukuta hauonekani, yanaonekana maji tu mpaka macho yachoke. Jirani wa ng'ambo ya ukuta alipoulizwa alisema kwake hakuna maji, hata ya bomba, tangu Alhamisi.

Raha ya pwani wakati wa baridi haina mfano. Kule barabarani, kwenye taa za magari wanazoziita robot, watu wanapuliza viganja na kofia za sufu zimewafika machoni. Ukiupita ujia wa kando ya nyumba, joto linakupokea, unavua koti bila kuambiwa. Emérite, Mrundi wa chumba cha tatu, alikuwa amegawa hita yake tangu mwaka wa kwanza. Kila Jumapili akitoka kanisani alitandika blanketi mchangani na mumewe Balthazar, wakalala chali kutazama mawingu ambayo mjini hayapo miezi hiyo. Wageni walikuja na chupa zao za chai kutoka Joubert Park, na wazee wa mtaa wa Kensington wakaja na viti vya kukunja. Watoto waliozaliwa hapa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kizulu, walijifunza wenyewe kusema kaa, ngisi na chaza, kwa kuwa vitu vyenyewe vilikuwa mbele yao. Mchanga uliingia vitandani na kwenye sukari. Kutu ilikula bawaba zote za milango, na hakuna aliyelalamika.

Mwatumu ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga haambiwi maji yanakupwa lini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na saa nne asubuhi maji yanakuwa yametoka mbali, miamba iko wazi. Ndio wakati ambao kwao wanawake huteremka na ndoo na vijiti kuchokoa pweza. Katika bamvua ya kwanza ya mwaka ule wa kwanza ndipo alipomwona mama yake.

Bi Mishi alikuwa mdogo kwa umbali, ameinama juu ya mwamba. Mwatumu alimjua kwa namna ya kuinama. Alikuwa hai, yuko kwao Tanga, yuko kwenye shughuli zake. Mwaka wa pili alisogea hata sauti ikafika, lakini kati yao ulipita mkondo wa maji mengi, na hakuna kati yao aliyejua kuogelea. Neno la kwanza alilolisema lilikuwa hili:

"Arusi ya Muheza imekwisha?"

Kwa sababu ndivyo Mwatumu alivyomuaga. Miaka kumi na mmoja nyuma alisema anakwenda arusini Muheza, atarudi Jumatatu, akapanda mabasi manne na malori mawili mpaka Johannesburg. Uongo ule ulimkaa kooni. Ndoa yake ilivunjika, mimba mbili zikatoka, na kila mara alijiambia kwamba ni radhi ya mama anayoikosa. Aliiomba kwa simu mara nyingi. Bi Mishi alimjibu kwa upole kwamba radhi haipiti kwenye simu. Katika ukoo wao, aliyeondoka bila kuaga, au aliyeaga kwa uongo, hupewa radhi kwa maji ya bahari: mzazi huchota kiganjani, hunuia, humpaka mwana utosini, na miguu ya wote wawili iwe majini.

"Si upande gari uje," Bi Mishi aliita kutoka ng'ambo ya mkondo.

Mwatumu alimweleza habari ya karatasi. Karatasi inayomruhusu kukaa, ukitoka nchini nayo huruhusiwi kurudi, na hata hiyo inakaribia kwisha, na ofisi imempa miadi ya kuihuisha baada ya miaka mitatu. Bi Mishi alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Karatasi hiyo ina amri kuliko marehemu baba yako," alisema. "Basi ngoja. Mchanga utaufukia mkondo huu. Nimeujua tangu nikiwa kigoli."

Mwaka wa tatu mchanga uliufukia, maji yakawa ya kifundo cha mguu. Wiki hiyohiyo ikaja Idara ya Ufukwe wa Bara.

Walikuja watu watatu wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Walipima kina, wakaandika, wakanywa chai ya Emérite. Kisha walisimika bango lililosema kwamba ufukwe unafunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi, na kwamba hakuna atakayelowesha miguu bila kitambulisho au karatasi iliyo hai. Walivuta mkanda wa njano kutoka pembe moja mpaka nyingine, wakafunga kamera juu ya mlingoti. Bahari nayo waliiandikia barua isiuvuke mkanda. Bahari iliuvuka mara mbili kila siku. Maji yalipofika vyumbani, Mwatumu alipandisha miguu kitandani, asije akaonekana anaoga bila kibali.

Ulinzi walimpa Joël wa chumba cha tano, Mkongo wa Uvira, kijana mpole mwenye sauti ya kwaya. Walimchagua kwa kuwa anaishi palepale na hatachelewa. Karatasi yake ilikuwa hai mpaka mwisho wa mwaka.

Watu wenye vitambulisho waliendelea kuogelea. Balthazar, ambaye hakuwa nacho, aliuvuka mkanda Jumanne moja ili asuuze mchanga miguuni, siku Joël alipokuwa mapumziko. Kamera ilimwona, na Ijumaa alipiga simu kutoka mpakani, upande wa pili, wameshamtoa nchini. Emérite aliendelea kutandika blanketi Jumapili, upande wa huku, akalalia pembe moja.

Mwezi wa saba wote Bi Mishi hakuonekana. Burhani, kaka yake Mwatumu, alisema kwenye simu kwamba mama haamki, miguu imejaa maji. Lakini bamvua ya mwisho ya mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, saa nne kasorobo, alikuja. Alitembea akipumzika kila mwamba, ndoo mkononi, mpaka akafika hatua ishirini kutoka kwenye mkanda. Hapo akaketi juu ya jiwe, miguu majini, na ikawa wazi kwamba hatafika mbele zaidi.

Mwatumu alikuwa ameoga na kuvaa gauni la Idi. Alisimama kwenye mkanda.

"Dada Mwatumu," Joël alisema, akitazama pembeni, "onyesha karatasi."

"Unaijua."

"Miye naijua. Ile kamera ndo haiijue."

Aliitoa. Joël aliisoma mbele na nyuma.

"Hii ilishaga kufa, dada. Tangu mwezi wa tatu."

"Yule ni mama yangu."

"Namuona."

"Hatua ishirini, Joël."

"Eish. Hata moja ni vilevile. Umeona ya Balthazar."

Mwatumu alimchukia kabisa, kwa muda wa pumzi tatu hivi. Kisha chuki ikamwisha, ikabaki huzuni tupu, maana alimjua yule kijana. Siku Mwatumu alipougua, Joël ndiye aliyempelekea vitumbua Joubert Park. Wazee wawili wa Kensington walimwomba radhi kwa kumpita, wakaingia majini na kofia zao.

Joël alivua buti, akaziweka chini ya mlingoti. Kanuni zilimruhusu mlinzi kuingia kumsaidia mzee. Alikwenda mpaka kwenye jiwe. Upepo ulitoka baharini, na Mwatumu alisikia kila neno.

"Wewe ndiye ukuta wenyewe?" Bi Mishi aliuliza.

"Ndiyo miye, mama."

"Ukuta mwembamba. Mama yako yuko wapi?"

"Uvira. Ni miaka tisa sijamuona."

"Ulimuaga?"

"Hapana, mama. Kulikuwa risasi. Kila mutu alikimbia njia yake."

Bi Mishi alimtazama juu mpaka chini, kama anayechagua kitambaa dukani. Halafu akamwambia avue kofia na ainame. Alichota maji, akanuia kwa midomo bila sauti, akampaka utosini.

"Mwatumu!" aliita. "Yako nimeiweka amana kwa kijana huyu. Na ya kwake nimempa hapohapo, mama yake ataniwia radhi. Siku karatasi yako itakapokubali, simameni majini, akupe."

"Nipe mwenyewe, mama."

"Nimechoka, mwanangu. Na maji yanarudi."

Alimpa Joël pweza kutoka kwenye ndoo ampelekee binti yake. Pweza hakuhitaji karatasi. Kisha aliinuka, akageuka, akaenda zake akipumzika kila mwamba, na Mwatumu alimtazama mpaka akawa mdogo kama mwaka wa kwanza.

Joël aliporudi, Mwatumu aliinamia mkanda na kumgusa utosini kwa kiganja. Palikuwa pakavu. Upepo wa mwezi wa nane wa Johannesburg hauachi kitu kibichi, ulikuwa umeacha vumbi la chumvi tu.

"Iko ndani," Joël alisema. "Naisikia."

Jumapili bahari iliondoka, ukuta wa jirani ukarudi mahali pake. Jumatatu Burhani alipiga simu. Mama alikuwa amerudi na ndoo yake, akala, akasema mambo ya Mwatumu ameyamaliza, akalala. Walikuwa wamemzika Jumamosi baada ya alasiri, na tangu hapo Burhani alikuwa hampati Mwatumu kwenye simu. Mwatumu aliliona jua limesimama mlangoni, akaona ajabu kwamba halisogei, kisha akalia mpaka Emérite akaja kumshika mabega. Khitma waliisoma chumbani, watu tisa. Joël, ambaye ni wa kanisa, alikaa nje ya mlango bila kofia, na wa mwisho alipoondoka akachungulia.

"Sijaipoteza," alisema. "Hata kuoga naoga pole."

"Ahsante, mdogo wangu."

"Tarehe ya ofisi bado ni ileile?"

"Ileile. Mwaka wa kesho kutwa."

Mkataba wa Idara ulikuwa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, na mkanda haukuondolewa, kwa kuwa kanuni zilitaja uani na hazikutaja maji. Siku ya saba Mwatumu alitoka na beseni la nguo zake za msiba. Kamba ya kuanikia iko kwenye ukuta wa jirani, ng'ambo ya mkanda. Joël alisimama kutoka kwenye kiti.

"Karatasi, dada."

Mwatumu alifuta mikono, akaitoa kifuani, akampa. Aliisoma mbele na nyuma, juani, kwenye uani mkavu wa hatua kumi na mbili.

"Ilishaga kufa," alisema.

"Najua."

Joël aliikunja vizuri akamrudishia. Kisha akalipokea beseni juu ya mkanda, akavuka, akaanza kuanika, gauni kwanza, halafu kanga moja moja.