Keki ya Kasyoki

Mwaka ule ambao ng'ombe wa Kajiado walikufa kwa ukame, Selpha alikuwa amekonda kuliko mtu yeyote wa ukoo wa mumewe aliyewahi kukonda akiwa bado anatembea. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwaka huo wa 2009, kutoka Kitengela hadi ukaipite Kajiado mjini, kukonda kulikuwa na maana moja tu. Mizoga ililala kando ya barabara ya Namanga, ngozi imeshikana na mbavu, na wapitao njia walikuwa wameizoea hata hawakufunga vioo. Mtu akitokea na shingo ndefu na gauni linalompwaya, hakuna aliyemuuliza siri ya urembo. Walimtazama, wakatazamana, wakabadilisha mazungumzo.

Na Selpha alikonda kwa hiari yake mwenyewe. Mwaka uliotangulia yeye na mumewe Okoth walipanda ndege hadi India, daktari akalikata tumbo lake likabaki dogo kama yai, kisha akaliunganisha na utumbo upya. Presha ilikuwa imemchosha, magoti yamekataa ngazi, na mama yake mzazi alikuwa amekufa mapema kwa unene uo huo. Hakukuwa na aibu yoyote katika jambo hilo. Lakini nani angesimama mbele ya kina mama wa kanisa, katikati ya njaa ile, aseme amesafiri mbali kote huko ili azuiwe kula? Okoth ndiye aliyetunga uongo wenyewe: waseme Selpha alitolewa faibroidi, uvimbe wa kizazi. Uliaminiwa vizuri sana kwa miezi michache. Kisha kilo zikazidi kumtoka, na faibroidi ikashindwa kueleza mambo.

Kuhusu chakula, daktari alimwonya juu ya sukari kuliko kitu kingine chochote. Kwanza moyo utakwenda mbio na jasho litakutoka, alimwambia. Ukilivuka hilo usijidanganye kwamba yameisha. Baada ya saa moja hivi mwili utakuwa umeimaliza sukari yote, hata ile uliyohitaji kubaki nayo, na hapo utatetemeka, utaona giza, unaweza kuanguka. Siku ukila vitu vitamu usishike usukani. Selpha aliitikia kwa kichwa, kama wagonjwa wote wanavyoitikia wakiwa bado kitandani.

Tatizo ni kwamba alipenda utamu, na mimi sitamtetea kwa hilo. Nyama ilimkwama kifuani, ugali ulimkalia ukakataa kushuka, lakini keki iliteleza bila maneno. Halafu keki ilikuwa na faida nyingine. Kina mama wa chama wakimwona anatafuna kipande cha keki, anajilamba na vidole, macho yao yalilegea. Mwenye ukimwi hawezi kula namna hiyo, walijiambia. Basi Selpha alikula mbele yao, akaenda kutokwa na jasho chooni, akarudi akicheka. Nyumbani alilala hadi giza limwondoke machoni.

Siku moja alasiri giza lile lilimkuta jikoni. Alikuwa peke yake na binti yake Valerie, mtoto wa darasa la tatu, na alipoanguka alivuta kitambaa cha meza pamoja na vikombe. Valerie hakupiga kelele. Mama yake alinyoosha kidole kwenye mkebe wa sukari, mtoto akamwekea kijiko mdomoni, kisha kingine, na polepole dunia ikarudi mahali pake. Selpha alimkumbatia, akamwambia maneno ambayo angeyajutia maisha yake yote.

"Ukiniona natetemeka tena, niwekee kitu tamu mdomoni. Usiulize kitu. Na usiambie mtu, sawa?"

"Hata Daddy?"

"Hata Daddy."

Tangu siku hiyo peremende hazikukosekana ndani ya gari, na Valerie akawa mlinzi wake. Kila zilipomtoa kwenye giza, saa iliyofuata zilimrudisha mlemle. Selpha aliliona jambo hilo wazi kabisa. Aliendelea tu, akisubiri siku watu watakapochoka kumsema.

Aliyemtia hofu zaidi hakuwa mtu mbaya. Maryanne, dada yake Okoth aliyeishi Matasia, ndiye aliyemuuguza kaka yao Elphas hadi mwisho. Elphas naye alikonda, na hadi wiki ya mwisho aliwaambia watu ni tumbo tu linamsumbua. Maryanne alimwamini, akamchemshia uji, akazika. Tangu hapo mtu mwembamba hakuweza kumdanganya tena. Akija Kitengela alimkumbatia Selpha kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na Selpha alihisi vidole vikipita juu ya mbavu zake, mmoja baada ya mwingine.

Mwezi wa tisa Otiende, mdogo wake Okoth, alimwoa Kasyoki, mwalimu wa Kajiado mjini. Otiende alifiwa na mama akiwa bado mdogo na Selpha ndiye aliyemlea, kwa hiyo siku ya harusi yeye ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mama wa bwana harusi. Watu wa bibi harusi walikuwa wametoka Machakos na Makueni kwa mabasi. Hema zilijaa pale Kajiado. Wakati wa kukata keki Selpha alijipanga: angeuma kidogo, angefuta mdomo, angeketi.

Lakini mshereheshaji, kijana mmoja mwenye mdomo mrefu aitwaye Bedan, alikuwa na maikrofoni.

"Mama ya bwana harusi asonge hapa mbele," alisema. "Leo dayeti tumeiwacha kwa geti."

Watu wakacheka. Kasyoki alipiga magoti kwenye zulia na gauni lake jeupe, akainua kipande kilichojaa krimu, kikubwa kuliko kiganja chake. Selpha akauma pembe. Kutoka upande wa wageni wa Machakos mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Anaonja tu. Hajatukubalia mtoto."

Kicheko kilikuwepo, ila kilipungua. Kasyoki aliinua macho, na machoni mwake mlikuwa na woga wa kweli, woga wa msichana anayejiuliza ataingia nyumba ya namna gani. Kumkatalia keki bibi harusi aliyekupigia magoti ni kumkatalia yeye mwenyewe, na kila mtu pale alilijua hilo. Selpha alifungua mdomo akala kipande chote. Otiende naye akasogea na chake. "Na yangu, Mama," alisema. Angefanyaje? Akala na hicho. Vigelegele vilipanda. Kupitia katikati ya mikono iliyokuwa ikipiga makofi alimwona Maryanne, na kwa mara ya kwanza mwaka huo Maryanne hakuwa akimpima. Alikuwa anacheka tu. Selpha alifurahi hata machozi yakamlenga.

Moyo ulianza kumwenda mbio kabla hajafika kwenye kiti. Okoth alimwona akijipangusa jasho, akamfuata nyuma ya hema.

"Umemeza yote?"

"Ungetaka niteme mbele ya wakwe?"

"Basi Maryanne aendeshe gari. Mimi lazima nibaki na hawa wazee mpaka mabasi yaende."

"Na nikimwambia aendeshe, ataniuliza kwa nini. Nimwambie nini, Okoth? Faibroidi imerudi?"

 Uongo ulikuwa wa Okoth, na hakuwa na mwingine wa kuongezea. Wazee walimwita, akaenda.

Waliondoka jua likiwa bado juu ya vilima. Maryanne aliketi mbele, kwa kuwa alikuwa alale kwa kina Selpha, Kitengela. Nyuma aliketi Valerie na gauni lake la waridi la kutembea mbele ya bibi harusi, amepakata boksi la keki waliyopewa wapeleke nyumbani. Mikanda ya viti vya nyuma ilikuwa imefichwa chini ya vitambaa siku nyingi. Barabara ilikuwa inajengwa upya, na kila baada ya muda walitupwa pembeni kwenye njia ya vumbi, wakapita karibu na mizoga kiasi cha kuona meno. 

Walipoipita Isinya vidole vya Selpha vilianza kutetemeka. Kwanza kidole gumba cha kushoto, kisha mkono mzima. Alifungua kisanduku cha dashibodi, akapapasa, akakuta karatasi tupu za peremende.

"Niliwapea wale watoto wengine," Valerie alisema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo. "Walikuwa wanalia kwa kanisa."

"Unatafuta nini, Mama Valerie?" Maryanne aliuliza.

"Peremende tu. Koo imekauka."

Maryanne alimtazama mkono, akamtazama uso.

"Wacha nishike usukani kidogo. Niko na leseni tangu mwezi wa tano, na hiyo barabara naijua. Simamisha tu hapo mbele."

Ilikuwa rahisi hivyo. Pembeni palikuwa na nafasi pana ya kusimama. Selpha aliona nafasi hiyo ikija, akaona jinsi angemwachia funguo, na jinsi Maryanne angemtazama njia nzima hadi Kitengela, na wiki nzima baada ya hapo, na namna habari ingefika Matasia na kanisani na kwa watu wa Kasyoki. Aliipita ile nafasi.

"Utaendesha siku nitakuwa mgonjwa," alisema.

Maryanne hakucheka. Nyuma boksi lilifunguliwa, na mkono mdogo ukapita kati ya viti ukiwa na donge la keki.  Selpha alilipokea, akala bila kugeuka, na Maryanne akaona yote mawili, mkono uliotoa na mkono uliopokea.

Mtetemo ulitulia. Selpha akaanza kuzungumza sana, akasifu gauni la Kasyoki, akamkejeli Bedan na mdomo wake, akaongeza mwendo. Mbele ya Kisaju malori yaliziba njia ya vumbi, wakasubiri hapo hadi vumbi likaingia ndani na kuwakaa kwenye kope. Magari yalipoanza kusogea tena jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na lilikuwa la baridi. Donge lile moja lilikuwa limekwisha, na lilichukua pamoja nalo kile kidogo alichobaki nacho.

Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya barabara, mzima lakini hana nguvu ya kuondoka. Selpha alimwona. Alijua ni ng'ombe. Kilichokuwa kimemtoka kichwani ni kile ambacho mtu hufanya akimwona ng'ombe barabarani. Alimtazama tu akizidi kuwa mkubwa, na kwa mbali sana akasikia jina lake likiitwa, kisha mkono wa Maryanne ukaupiga usukani upande mmoja, na gari likaruka nje ya barabara.

Baadaye palikuwa kimya, na harufu ya vumbi na petroli. Mlango ulifunguliwa na mwanamume akamwinamia. "Yeiyo, mama, uko mzima?" alisema. Giza lilikuwa limemfunika hadi kwenye meno. Ndani ya giza hilo vidole vidogo vilifungua midomo yake.

"Mama, kula. Kula upate nguvu."

Krimu ilikuwa tamu, na ilikuwa na chumvi. Alijua hapaswi kumeza. Alijua pia kwamba asipomeza hatamwona mtoto wake. Akameza, vidole vikarudi na donge lingine, akameza na hilo.

"Val, wacha, uko na damu," Maryanne alikuwa akisema. "Kuja nikufunge."

"Hapana, Aunty. Lazima amalize kwanza."

Macho yalipofunguka Selpha alimwona. Valerie alikuwa amepiga magoti kati ya viti vya mbele, paji la uso limepasuka karibu na nywele, na damu ilikuwa ikimshuka shavuni hadi kidevuni na kudondoka kwenye keki aliyoishika. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi aliyopewa.

Yule mwanamume, ambaye ndiye mwenye ng'ombe, alisimamisha pikapu iliyokuwa ikipita, akawasaidia kupanda nyuma, na walipokuwa wakienda Kitengela Selpha alimwambia Maryanne. Alimweleza juu ya India, kisu, tumbo, sukari, kijiko cha jikoni. Alieleza haraka, akiwa amempakata Valerie, akiibana leso ya Maryanne kwenye jeraha. Maryanne alisikiliza hadi mwisho.

"Elphas pia alisema ni tumbo," alisema.

"Mpigie Okoth umuulize."

"Okoth ni mume wako, Mama Valerie. Atasema vile unataka." Kisha akasema kwa upole uliomuumiza Selpha kuliko matusi, "Siku hizi kuna dawa. Nitakupeleka mimi mwenyewe. Mbona hukuniachia usukani nikiomba?"

"Niliogopa utanitazama vile unanitazama sasa."

Maryanne aligeuza uso.

"Basi usiniamini," Selpha alisema. "Lakini shika hili moja. Kabla saa haijaisha nitatetemeka tena na nitazima. Nikizima, usiniangalie mimi. Mwangalie huyu. Asilale."

"Mama, nasikia usingizi," Valerie alisema.

"Usilale, Val. Niambie vile Kasyoki alikuwa amevaa."

"Nyeupe."

"Na nini kichwani?"

Mtoto alifikiri kwa muda mrefu. Kope zake zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Taa za kwanza za Kitengela zilikuwa zimeanza kuonekana, bado mbali, na mbele yao msururu wa malori ulikuwa umesimama. Selpha aliuliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, na alipoinua mkono kumpapasa shavu aliona kwamba kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimeanza kutetemeka.