Jibu Sahihi na Kahawa ya Mzee Dhiyab

Rudeina alishafeli mara moja mtihani wa leseni ya udalali wa bima, na kilichomwangusha alikijua. Palipoulizwa mteja aliyemgonga mtu kwa gari ashauriwe nini, alijibu kama mtu yeyote wa mji wao wa Karak, huko Jordan: awachukue wazee wa ukoo, aende kwa aliyeumia, akubali kosa, aombe msamaha. Maswali ya namna hiyo yalikuwa mengi, na yote aliyajibu kibinadamu. Kitabu cha mtihani kilitaka vingine kabisa. Mteja asikubali kosa, asiahidi kitu, aiachie kampuni ya bima.

Safari hii aliyakariri hayo mpaka akayachoka. Ofisi iliyomwahidi kazi ilishasema haitamsubiri akifeli tena. Alisomea jikoni, kitabu kimeegemea birika, na baba yake Mutib hakupita bila kumchokoza.

"Vipi dalali, umeshajifunza kuwakana watu?"

"Si kuwakana, baba. Ni kunyamaza."

"Haya, nyamaza basi, unitilie chai."

Wiki ya mtihani, kaka yake Nayif alirudisha gari nyuma pale sokoni bila kutazama, akamvunja mguu Mzee Dhiyab, mtu wa ukoo mwingine. Wazee wa ukoo wao walipanga kwenda kwake Jumamosi asubuhi, saa ileile ya mtihani. Ijumaa, baada ya chakula, Mutib alimwita binti yake.

"Wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Kitabu kinasemaje?"

Kama kuna siku Rudeina alitamani kutojua kitu, ni hiyo. "Kinasema nendeni mkamjulie hali tu. Kosa msilitaje. Nayif akilikubali, kampuni inaweza kukataa kulipa."

"Yaani twende kwa mtu tuliyemvunja mguu, tukaongelee mvua?"

"Ndivyo kinavyosema, baba."

"Mimi sina neno," Nayif alisema, macho kwenye zulia. "Ila mguu nimeuvunja mimi."

Mutib alimgeukia mwanawe. "Tutafanya anavyosema dada yako. Tumemsomesha ili tumsikilize."

Jumamosi Rudeina alibaki peke yake nyumbani, mbele ya kompyuta, kufanya mtihani kwa mtandao. Msimamizi wa mtihani, ambaye kwa Rudeina alikuwa sauti tu ndani ya kompyuta, alimtaka azungushe kamera chumba kizima.

"Nyuma ya pazia hilo kuna mtu?"

"Hakuna. Wote wametoka."

Swali la aliyemgonga mtu lilikuja katikati ya mtihani. Rudeina alichagua jibu sahihi bila kusita. Matokeo yalitokea palepale kwenye kioo: amefaulu. Furaha ilimjaa, akazunguka chumbani akitafuta wa kumwambia.

Mutib aliporudi hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Wametumiminia kahawa yao ya iliki. Nikaweka kikombe chini kama ilivyo ada, nikamjulia hali. Dhiyab akasubiri. Nikamjulia hali tena. Akasubiri. Kisha akasema, 'Mutib, kahawa yako imepoa,' akaomba ashikwe mkono arudi kulala."

Wageni wa suluhu hawanywi mpaka ombi lao likubaliwe. Hawa hawakuomba kitu, basi hapakuwa na cha kukubaliwa. Wazee wa ukoo wote walitoka na koo kavu, kwa ushauri wa Rudeina.

"Na wewe?" Mutib aliuliza.

"Nimefaulu."

"Hongera, mwanangu." Aliisema kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi binti yake.

Rudeina alifunga kompyuta. "Rudini leo hii, baba. Nayif aseme mwenyewe kwamba kosa ni lake."

"Na kampuni?"

"Nitaiandikia mimi, niwaeleze."

"Wasipolipa?"

"Tutauza hilo gari."

"Kitabu ndicho kinachosema hivyo?"

"Hapana."

Mutib alimtazama, kisha akasimama na kumwita Nayif aliyekuwa amejibanza uani. Kwa bahati Mutib alikuwa bado na viatu miguuni.

Walirudi jua likizama, Nayif akinukia iliki. Rudeina hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa anamalizia barua kwa kampuni, ya kwanza kuiandika kama dalali, na ndani yake alikuwa ameandika lile jibu lililomfelisha.